Nitajuaje Kama Makao Haya Yatamtunza Mama?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Nakuru. Mama yetu ana umri wa miaka 81, ni mwalimu mstaafu na mjane, na anaishi nyumbani kwetu karibu na Mbale, Kaunti ya Vihiga. Ana presha na kisukari, na hudungwa insulini kila asubuhi. Tangu mwaka jana ameanguka mara mbili. Jioni huanza kumtafuta baba yetu aliyefariki zamani, ingawa asubuhi inayofuata huzungumza nasi vizuri kabisa na hata kuturekebisha Kiswahili. Wasichana wa kazi tunaowaajiri hawakai. Mimi ninafundisha hapa Nakuru, kaka yangu anafanya kazi Kisumu, na mdogo wetu yuko ng'ambo.

Tumeona makao mawili ya wazee. Ya kwanza yako nje kidogo ya mji wa Nakuru. Ni mapya, yana vigae vinavyong'aa na bustani ya kupendeza, na kila mkazi ana chumba chake. Wanatoza shilingi 90,000 kwa mwezi na wanataka malipo ya miezi mitatu mbele. Ya pili yako upande wa Kisumu na yanasimamiwa na watawa. Majengo yake ni ya zamani, wakazi hulala wawili wawili, na ada haifiki nusu ya ile ya kwanza. Mdogo wetu anapendelea ya kwanza kwa sababu ameona picha zake. Kaka anasema kumpeleka mama popote ni kumtupa. Mtu asiye daktari anawezaje kupima ubora wa mahali kama hapa kabla ya kumkabidhi mzazi wake?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, ninaomba kwanza mdogo wenu aweke picha kando kwa muda. Bustani na vigae huonekana pichani, lakini mkono unaomgeuza mgonjwa kitandani saa nane za usiku hauonekani, na huo ndio mama yenu atakaoishi nao. Ninapoulizwa kuhusu makao fulani, mimi hutaka kujua mambo mawili kabla ya mengine yote: mkazi aliye dhaifu kuliko wote, yule asiyeweza kuita wala kulalamika, yuko katika hali gani, na usiku, wageni wakishaondoka, ni nani aliye macho. Mahali panapojibu hayo mawili waziwazi panastahili kuchunguzwa zaidi. Mahali panapoyakwepa msirudi tena, hata pawe pazuri namna gani.

Hofu ya kaka yako ni ya haki na isipuuzwe. Kwetu magharibi mwa Kenya, mzazi kuzeekea mikononi mwa watu wa nje bado ni jambo linalosemwa kwa sauti ya chini kanisani na matangani, na yeye ndiye atakayeyasikia maneno hayo kwa kuwa yuko karibu na nyumbani. Hata hivyo, Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawapa wazee, yaani watu waliofikisha miaka 60, haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa na ya kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na Serikali, wala hakisemi matunzo hayo yatolewe chini ya paa gani. Mama anayebaki peke yake na sindano ya insulini, katika wiki ambayo msichana wa kazi ameondoka, hawezi kusemwa kuwa ametunzwa kwa sababu tu yuko kwake.

Lakini kuna jambo ambalo barua yako haikulitaja, nalo ni kauli ya mama mwenyewe. Umesema asubuhi huwa na akili timamu. Basi nendeni asubuhi, wewe na kaka yako pamoja, mketi naye baada ya chai mumwulize anaogopa nini na ni kitu gani asingependa kukipoteza. Huenda akataja kanisa lake, au kuku wake, au akasema hataki kuogeshwa na mwanamume. Jibu lake liwe la kwanza kwenye orodha yenu, maana makao mazuri kwa mzee mwingine yanaweza kuwa mabaya kwake.

Baada ya hapo andikeni kwenye karatasi anachoweza kufanya mwenyewe na asichoweza: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani, kula, kumeza dawa, kutembea gizani. Mpelekeni kwa daktari apimwe upya, macho na masikio yakiwemo, na chanzo cha kuanguka kitafutwe. Kuanguka mara mbili kusifanywe kuwa ni uzee tu, kwa kuwa presha inayoshuka mtu anaposimama, sukari iliyopungua, dawa nyingi zinazogongana, au mtoto wa jicho, vyote huwaangusha wazee na vyote vinaweza kushughulikiwa. Mkiwa na karatasi hiyo mkononi, meneja hataweza kuwaambia tu kwamba wanatoa huduma zote, kwa sababu kila mstari mtamwuliza ni nani atakayefanya hili, na saa ngapi.

Katika ziara ya kwanza mtaonyeshwa kile wenyeji wanachotaka mkione. Ya pili nendeni bila kuarifu, wakati wa chakula cha mchana au siku ya Jumapili, na nyingine iwe jioni baada ya saa kumi na mbili. Ni sawa makao yakiomba mgeni asubiri wakati wakazi wanaogeshwa, ila si sawa yakiwa na sehemu au saa ambazo jamaa hawaruhusiwi kuona kamwe. Mkiingia, tumieni pua kabla ya macho. Harufu ya mkojo karibu na kitanda cha mtu aliyetoka kuchafuka sasa hivi ni jambo la kawaida. Harufu iliyozama ndani ya magodoro na mapazia ni habari ya miezi mingi.

Kisha mtafuteni yule mkazi dhaifu niliyemtaja. Tazameni kucha zake, ngozi yake, na kama midomo imekauka. Tazameni kama kikombe cha maji kiko mahali mkono wake unapofika, kwa maana kiu hupungua mtu anapozeeka, na wazee wengi huishiwa maji mwilini ilhali jagi limejaa upande wa pili wa chumba. Ulizeni anageuzwa mara ngapi. Kwa asiyeweza kujigeuza, desturi ya uuguzi ni karibu kila baada ya saa mbili, na mahali panapofanya hivyo kwa kweli huwa na karatasi yenye saa na sahihi ya aliyemgeuza. Ulizeni ni wakazi wangapi wana vidonda vya kulalia leo, na kama vilianzia humo au hospitalini. Mimi humwamini zaidi meneja anayetaja idadi na kueleza vinavyotibiwa kuliko yule anayeapa kwamba kwake havijawahi kutokea.

Kaeni pia mpaka chakula kiliwe. Mhudumu anayemlisha mzee ameketi mbele yake, akingoja ameze kabla ya kuinua kijiko kingine, ni mtu aliyefundishwa kazi. Anayelisha amesimama, macho kwenye runinga, anaweza kumfanya mtu apaliwe. Ulizeni kama mwenye kisukari hupikiwa kwa kuzingatia hali yake au hupewa sahani ileile ya wote, na kama mboga za nyumbani hupatikana, maana mama wa Vihiga akiona mrenda au kunde mezani hula, na mzee anayekula ndiye anayepona.

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu jambo lako la jioni ndilo gumu kuliko yote. Kuchanganyikiwa kunakozidi jua likizama ni kawaida kwa watu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengi wao hurudi kwenye lugha ya utotoni hata kama walifundisha Kiswahili maisha yao yote. Mama anapomtafuta mumewe saa moja usiku huenda akawa anaita kwa Kimaragoli. Je, katika zamu hiyo kuna mtu hata mmoja atakayemwelewa na kumjibu? Waulizeni wahudumu wenyewe, wala si meneja peke yake, wao hufanya nini mkazi anapotaka kutoka jioni ili aende kwao. Mtu aliyeizoea kazi hiyo atawaambia kwamba huwasha taa mapema, humpa chai, hutembea naye uani mara mbili tatu, humwuliza habari za huyo mzee wake, na wala habishani naye kwamba mtu huyo alishakufa. Wakisema kwamba hupewa dawa alale, au hufungwa kitini kwa leso asianguke, shukuruni mwondoke. Dawa za usingizi humwongezea mzee hatari ya kuanguka na kuchanganyikiwa, na mtu aliyefungwa hujiumiza akijitahidi kujifungua, tena hupata vidonda.

Kuhusu usiku wenyewe, ulizeni kuna wahudumu wangapi kwa wakazi wangapi, na kama wanakesha au wanalala wakingoja kuamshwa. Mlinzi wa langoni asihesabiwe. Ombeni kubonyeza kengele iliyo kando ya kitanda mwone inachukua muda gani mtu kufika, na kama mama hawezi kukumbuka kengele, ulizeni ni nani humpitia na kila baada ya muda gani. Ulizeni ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba mkazi apelekwe hospitali usiku bila kungoja ruhusa ya mwenye makao, gari ni lipi, na dereva hulala wapi. Kwa Nakuru bila shaka watataja hospitali ya rufaa ya kaunti, na kwa Kisumu ile ya Jaramogi Oginga Odinga. Ninyi pimeni barabara kutoka langoni hadi hapo, hasa wakati wa mvua. Na badala ya kuuliza wangefanya nini, ulizeni walifanya nini mara ya mwisho mkazi alipougua usiku, bila kumtaja jina. Swali la kwanza hujibiwa kwa ahadi, la pili hujibiwa kwa tukio lenye saa na watu.

Swali hilohilo liulizwe kuhusu kuanguka. Mzee akianguka kisha akashindwa kukanyaga, au mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika, na kumrudisha kitandani na kumpa dawa ya maumivu mpaka asubuhi ni kumdhulumu. Na vile vigae vinavyong'aa, mwalimu, mvikanyage vikiwa na maji. Bafu la mtu aliyeanguka mara mbili linahitaji sakafu isiyoteleza, vyuma vya kushikilia ukutani, kiti cha kuogea, na taa inayowaka usiku kucha njiani kuelekea msalani. Majengo ya zamani yaliyowekewa vitu hivyo ni salama kuliko mapya yasiyo navyo.

Insulini nayo ina hatari yake. Akidungwa kisha chakula kikachelewa, au akakataa kula, sukari hushuka, na dalili zake ni jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, ambazo mtu asiyejua atasema ni ule usahaulifu wake wa kila siku. Ulizeni ni nani humpima sukari kabla ya kumdunga, na kama anayedunga ni muuguzi aliyesajiliwa. Chupa ambazo hazijafunguliwa huhifadhiwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo mtake kujua stima inapopotea hufanyika nini, hasa katika joto la Kisumu. Daftari la dawa lisomeke: jina la dawa, kipimo, saa, sahihi. Daftari lenye sahihi zinazofanana za wiki nzima, kwa kalamu ileile, huenda lilijazwa siku moja.

Karatasi za serikali hazichukui muda mrefu kuchunguza. Kila muuguzi anatakiwa kuwa na leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya ambayo haijaisha muda, na uhalali wake unaweza kuthibitishwa kwa baraza lenyewe. Wapishi wawe na vyeti vya afya, vizimamoto viwe havijapitwa na tarehe, na pawe na mlango wa pili wa kutokea moto ukizuka. Piteni pia katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo muulize kama makao hayo yanajulikana na yalitembelewa lini. Hayo yote ni ya lazima, lakini cheti kilichopachikwa ukutani hakimgeuzi mtu kitandani.

Fedha ziongewe kabla ya sanduku kufungwa. Miezi mitatu mbele ni shilingi 270,000, na mkataba lazima useme zitakwenda wapi mama akiondoka katika wiki ya tatu, akilazwa hospitalini mwezi mzima, au akifariki. Useme kama nepi za watu wazima, mazoezi ya viungo, gari la hospitali na muuguzi wa ziada vimo ndani ya ada au hulipwa kando, na ada inaweza kupandishwa mara ngapi kwa mwaka. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ni bima ya matibabu, kwa hiyo michango yake iendelee kulipwa na nambari yake iwe kwenye faili la mama, lakini msiitegemee kulipa malazi ya makao. Pensheni yake iendelee kuingia katika akaunti yake, na kadi ya benki wala nambari ya siri ya M-Pesa visikabidhiwe wahudumu. Mahali panapogusia hatimiliki ya shamba kama njia ya kulipia, funga mazungumzo. Ulizeni pia, ingawa linauma, mtaarifiwa vipi na kwa haraka gani akifariki, ili taratibu za kumrudisha nyumbani zishikwe na familia na zisiamuliwe na mtu mwingine.

Sasa nikuambie ningeegemea wapi. Kama majibu ya usiku, ya dawa na ya jioni yanalingana katika sehemu zote mbili, ningechagua Kisumu bila kusita, na sababu si bei peke yake. Kutoka Mbale hadi Kisumu ni safari fupi ya matatu, kina mama wa kanisa lake wanaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kaka yako anaweza kupita akitoka kazini, na kupata mhudumu anayezungumza Kiluhya huko si jambo gumu. Mkazi anayetembelewa mara kwa mara, na kwa saa zisizotabirika, hutunzwa vizuri zaidi, kwa kuwa wahudumu wanajua kuna macho. Makao ya Nakuru yangekufaa wewe, na kama ndiwe utakayekwenda kila siku ya pili, basi uzito unahama. Jambo la kulala wawili chumbani mwacheni mama aliamue mwenyewe. Wapo wanaoliona kuwa aibu, na wapo ambao pumzi za mtu mwingine usiku huwaondolea hofu. Mkichagua Kisumu, hakikisheni kuna chandarua kizima juu ya kila kitanda, kwa sababu malaria ya kandokando ya ziwa humlemea mzee haraka. Mkichagua Nakuru, mfungashieni blanketi na soksi nzito za baridi ya Julai. Ulizeni pia kama mchungaji wa kanisa lake ataruhusiwa kumtembelea hata kama makao ni ya dhehebu jingine. Watawa wengi hawana shida na hilo.

Msimhamishe moja kwa moja. Ombeni akae wiki mbili au mwezi kwa malipo ya muda huo tu, akiwa na kitanda chake kikihifadhiwa nyumbani. Siku za mwanzo karibu kila mzee hulia, hukasirika au hukataa kula, na hilo peke yake si ushahidi dhidi ya makao. Kinachotakiwa kuangaliwa ni mwelekeo. Apimwe uzito siku ya kuingia na kila mwezi baada ya hapo: mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya mwezi mmoja, daktari aitwe. Na mnapomtembelea, vueni soksi zake mtazame visigino, kisha mtazame sehemu ya chini ya mgongo, maana hapo ndipo vidonda vya kulalia huanzia, kama wekundu au weusi usioondoka ukibonyezwa.

SWALI: Mhariri, shangazi yangu yuko katika makao ya wazee karibu na Kisumu kwa mwaka wa pili sasa. Mwanzoni alikuwa akitusimulia hadithi tukimtembelea. Kwa wiki chache zilizopita namkuta amelala kila ninapofika, hata adhuhuri, na juzi niliona alama za bluu kwenye mikono yote miwili. Wahudumu wanasema ni uzee. Nimwondoe?
Mpwa mwenye wasiwasi, Mamboleo

JIBU: Ndugu yangu, uzee haumlazi mtu kwa wiki chache. Mzee aliyebadilika kwa muda mfupi namna hiyo ana sababu inayoweza kutafutwa, na itafutwe wiki hii. Maambukizi ya njia ya mkojo humchanganya na kumlegeza mzee bila hata homa. Upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, malaria, nimonia, au damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka ambako hukuambiwa, vyote vinaweza kuonekana hivyo. Na iko sababu ya dawa mpya ya kutuliza iliyoanzishwa ili zamu iwe na utulivu. Omba kuona karatasi ya dawa zake, ukiwa na ile ya hospitali mkononi, ulinganishe mstari kwa mstari. Kisha mpeleke mwenyewe kwa daktari asiye wa makao hayo.

Alama za mikononi zisomwe kwa uangalifu. Ngozi ya mzee ni nyembamba, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvia damu hata kwa kushikwa kidogo, kwa hiyo usimshtaki mtu kabla ya kujua. Lakini alama zilizo mikono yote miwili juu ya kiwiko, zikifanana na vidole, huenda ni za kushikwa kwa nguvu, na zilizo kwenye vifundo vya mikono zinaweza kuwa za kufungwa. Zipige picha zenye tarehe, mwombe daktari aziandike kwenye faili, na muulize shangazi mwenyewe mkiwa wawili tu, kwa lugha yake. Kisha mwandikie meneja barua ukitaka maelezo ya maandishi, kwani mazungumzo ya langoni husahaulika.

Namna atakavyoipokea barua hiyo ndiyo itakayokujibu kama umwondoe. Meneja anayemwita daktari, anayekuonyesha daftari la zamu na kukueleza atakachobadilisha anaweza kupewa nafasi, ilhali anayekuambia kwamba jamaa wasumbufu hutafutiwa wazee wao mahali pengine amekwisha kujieleza. Iwapo daktari atathibitisha kwamba alidhulumiwa, mwondoe siku hiyo, piga ripoti polisi na katika ofisi ya maendeleo ya jamii, na fanya hivyo hata kama shangazi ameshatoka salama, kwa sababu wapo waliobaki vitandani wasio na mpwa wa kuwauliza.

SWALI: Sisi hatuna uwezo wa kulipia makao yoyote. Nyanya yetu ana miaka 77 na yuko nyumbani huku Kakamega na mlezi tuliyemwajiri, mwanamke wa kijijini. Je, hayo mnayoyasema kuhusu ubora yanatuhusu?
Mjukuu, Kakamega

JIBU: Yanawahusu kabisa, mjukuu, na mna nafuu moja ambayo makao hayana: mlezi mmoja kwa mzee mmoja. Mpimeni kwa vigezo vilevile. Awe na daftari la shilingi hamsini analoandika dawa, chakula, choo na uzito, na ninyi mlisome mkija. Mmoja wenu akamzoeshe namna ya kumwinua nyanya bila kumvuta mikono. Apewe siku ya kupumzika kila wiki, na siku hiyo mwanafamilia ashike zamu, kwa maana mlezi asiyelala ndiye huanza kufoka, na baada ya kufoka huja mkono.

Kama hajaandikishwa katika Inua Jamii, muulizeni chifu au msaidizi wake habari za usajili. Mpango huo huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, zinazoweza kununua sabuni, uji wa wimbi na nauli ya kliniki. Mtafuteni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, ambaye kazi yake ni kuzitembelea nyumba na ambaye anaweza kumpima nyanya presha na sukari hapo hapo sebuleni, na mwambieni mlezi amwite kwa simu wakati wowote anapoona nyanya amebadilika, hata kama ni Jumapili.